Safari Ijayo Twende Ziwani, Ila kwa Kasia

Kila mwaka, wiki chache kabla ya likizo ndefu, kundi la WhatsApp la darasa letu linageuka ofisi ya utalii. Mmoja anatupia picha ya bahari ya buluu na mnazi ulioinama. Wa pili anajibu "tumo". Wa tatu anauliza lile swali la kikatili: "Bajeti shilingi ngapi kwa kichwa?" Hapo kundi zima linanyamaza. Ukijumlisha nauli ya boti ya kwenda Unguja, malazi ya siku mbili, chakula, na yale mambo ya ziada ambayo hakuna anayeyataja mpaka mmeshafika, unakuta bumu lote limeondoka na mitihani bado haijafika. Mwaka jana safari yetu ilikufa hivyo. Mwaka juzi pia.

Sina ugomvi na Unguja. Ila najiuliza, hivi ni lazima likizo ya majini iwe ya baharini? Nchi hii inagusa maziwa matatu yaliyo makubwa kuliko yote Afrika: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Tuna Ziwa Duluti pale Arusha, ziwa la kasoko ambako watu hupiga makasia taratibu chini ya miti. Tuna mto Rufiji, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako wageni kutoka mbali hulipa fedha nyingi kukaa kwenye boti na kutazama viboko na mamba. Wengi wetu maji hayo tunayajua kwenye ramani ya mtihani tu. Tunayapaka rangi ya buluu, tunaandika jina, tunapata alama mbili, tumemalizana nayo.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ni mtoto wa Kongwa, Dodoma, ambako maji ni kitu unachobeba kichwani, siyo kitu unachopanda juu yake. Nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili, na mpaka nafika mwaka wa pili sikuwahi kukaa ndani ya chombo chochote cha majini. Halafu nikapangiwa mazoezi ya ufundishaji Ukerewe.

Kwa asiyejua, Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Unaweza kukifikia kwa meli kutoka Mwanza mpaka Nansio, au ukazunguka kwa basi kupitia Bunda mpaka Kisorya na kuvuka kwa kivuko. Sisi wa Kiswahili tunakifahamu kisiwa hiki kwa sababu ya Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Nilikwenda nikiwa nimebeba jina la kitabu hicho, zana za kufundishia na hofu ya maji.

Wiki ya tatu, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliniambia, "Madam, babu yangu anaweza kuwazungusha ziwani." Tulikuwa walimu wanafunzi watano. Tukachanga shilingi elfu kumi na tano, yaani elfu tatu tatu kila mtu. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukawa mwaloni. Babu alikuwa anatungoja na mtumbwi wake wa mbao, makasia mawili, kopo la kuchotea maji na majaketi okozi mawili. Nakumbuka niliyahesabu yale majaketi. Nakumbuka pia kwamba sikusema kitu, kwa sababu niliona aibu kuonekana mwoga mbele ya wenzangu.

Niseme kwanza uzuri wake, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini naandika.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi kutoka kwenye uvuvi wa usiku, taa zake zimeshazimwa, na ufukweni kina mama walikuwa tayari wanatandaza dagaa juani. Babu alitupitisha kando ya matete, karibu kabisa, na kwa kuwa hakukuwa na injini, ndege hawakuturuka. Mnandi walikaa juu ya jiwe wamefungua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Mdiria alisimama hewani, akapiga mbizi, akatoka na kisamaki. Nilikuwa nimefundisha somo la ikolojia ya ziwa Jumanne ile, kwa chaki na kwa michoro. Nikatamani darasa langu lote lingekuwa pale.

Kitu kingine kikatokea ambacho sikukitegemea. Hakuna aliyeshika simu. Mtandao ulikuwepo kiasi, lakini mkono wenyewe haukwenda mfukoni. Tulikuwa na mwenzetu ambaye tangu matokeo ya muhula yatoke alikuwa haongei. Tulijua ana masomo mawili ya kurudia, lakini ukimgusa hapo anabadilisha mada. Katikati ya ghuba, bila mtu kumuuliza, akaanza kusema. Akasema mpaka kuhusu nyumbani, na kwa nini hajawaambia wazazi. Tulimsikiliza karibu nusu saa, na sauti pekee nyingine ilikuwa ya kasia kuingia na kutoka majini. Mimi nasoma saikolojia ya elimu, nina notisi nyingi za unasihi. Sijawahi kuona chumba cha unasihi kilichofanya kazi kama ule mtumbwi.

Ndiyo maana nasema maji tulivu ya bara yana mvuto ambao hatujaupima. Siyo mvuto wa picha. Ni mvuto wa kwenda polepole mkiwa wachache, mahali ambapo hakuna anayekuuzia kitu. Kizazi chetu kinaishi na kelele tangu asubuhi: spika za hosteli, ving'ora vya simu, vikumbusho vya mkopo. Mtu akituuzia saa tatu za kimya kwa elfu tatu, hiyo ni bei ya chipsi mayai na soda.

Sasa niseme na upande wa pili.

Tulikuwa tunarudi. Kikatokea kiboti cha fiberi chenye injini, kimejaa vijana, spika imefunguliwa mpaka mwisho. Walitupungia mkono kwa furaha, wakapita karibu sana, mbio. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini wimbi walilotuachia liliupiga mtumbwi ubavuni, maji yakaingia, na mwenzetu mmoja akasimama kwa kuogopa. Babu alifoka kwa sauti ambayo sikudhani anayo: "Kaa chini! Mwalimu, kaa, shika ubao!" Akaugeuza mtumbwi ukalitazama wimbi la pili kwa uso, tukapanda, tukashuka, la tatu likawa dogo. Tukabaki tumelowa, tunachota maji kwa kopo, hakuna anayecheka.

Kulipotulia babu akauliza, "Wangapi mnajua kuogelea?" Mkono mmoja tu ulinyooka. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi leo nimebeba roho nne peke yangu, na hamkuniambia. Na mimi kosa langu, sikuwauliza."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Sisi wanne tulikuwa watu wazima, wasomi, tunafundisha watoto wa watu. Tuliingia kwenye maji tusiyoyajua, hatujui kuogelea, majaketi mawili kwa watu watano, na jaketi moja halikuwa na kifungo. Tukiwa tumevaa tabasamu.

Jumatatu yake niliuliza darasani, kidato cha pili, nani anajua kuogelea. Wavulana wengi walinyoosha mikono. Wasichana walionyoosha unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hawa ni watoto waliozaliwa kisiwani. Huwezi kutoka pale kwenda popote bila kuvuka maji. Nilipouliza kwa nini, msichana mmoja akajibu, "Madam, sisi tunakatazwa kwenda ziwani." Nikaelewa wazazi. Mkoa ule unakumbuka tarehe mbili. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, jirani kabisa na Ukerewe. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Walikufa zaidi ya watu 220, na nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Katika darasa kama lile huulizi nani alipoteza ndugu. Unaangalia tu macho, unaendelea na somo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Likizo ya kwenye maji tulivu ya bara ina mustakabali mkubwa kwetu sisi vijana, na inaweza kuwapa kipato watu wa mwambao wa maziwa. Lakini itaishi kwa masharti mawili: iwe ya polepole, na anayepanda chombo awe na uhakika wa kushuka. Tukikosa la kwanza, tutaua utulivu wenyewe tuliokuja kuutafuta. Tukikosa la pili, tutaua watu.

Kuhusu hilo la polepole, nilipokuwa kule nilianza kusoma jioni jinsi wengine wanavyofanya, na mfano ulionishika ni wa Uingereza. Kule kuna mifereji ya maji iliyochimbwa kwa mikono tangu karne ya 18 ili kubeba mizigo. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester. Kisha ikaja reli, baadaye malori, mifereji ikakosa kazi. Kufika katikati ya karne ya 20 mingi ilikuwa imejaa matope, magugu na takataka, na mingine ilifukiwa kabisa.

Walioiokoa hawakuwa wawekezaji wa mahoteli. Mwaka 1944 mwandishi L. T. C. Rolt alichapisha kitabu kuhusu maisha yake ndani ya boti nyembamba iendayo polepole. Mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kutetea njia za maji za bara. Watu wa kawaida wakaanza kutumia siku zao za mapumziko kuzibua mifereji kwa koleo na kutengeneza malango ya maji. Ilichukua miongo. Mfereji wa Kennet na Avon, uliokuwa haupitiki, ulifunguliwa upya mwaka 1990. Leo familia hukodi boti kwa wiki nzima na kusafiri kwa mwendo usiozidi maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6 na kidogo. Mtu anayetembea kwa haraka ukingoni anaweza kwenda nao sambamba. Hiyo ndiyo likizo yenyewe, na watu wanaipenda.

Kuna jambo lingine nililolisoma ambalo lilinifikirisha. Ile mifereji maarufu ina msongamano, wakati wa kiangazi boti zinapanga foleni kwenye malango. Ile isiyo maarufu ina tatizo la kinyume chake: boti zikipita chache mno, magugu yanaota, matope yanajaa, na hatimaye njia inaziba. Maana yake maji tulivu hayalindwi kwa kuyaacha tu. Yanahitaji wapitaji, ila wapitaji wa kiasi na wa mwendo mdogo.

Sisi tunaoishi na magugu maji tangu yaingie Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 tunalielewa hilo haraka. Ghuba isiyo na mtu wa kuijali inafunikwa kijani, samaki wanakosa hewa, mitumbwi inashindwa kutoka. Mtu anayepata riziki kwa kupitisha wageni kwenye ghuba ana sababu ya kuitunza.

Ila tusinakili kila kitu. Mfereji wa Kiingereza mara nyingi ni wa kina kifupi, mtu mzima akianguka anaweza kusimama. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na kina chake kinafika mita 80 hivi. Lina upepo wake. Kwa wenzangu wa Jiografia: mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, hewa inapanda, upepo unavuma kutoka ziwani, na mawimbi yanaamka. Ndiyo maana babu alitutoa alfajiri na alitaka saa nne tuwe tumerudi. Hakuwahi kusoma matini ya darasani kuhusu upepo wa ziwani, lakini alikuwa anaufundisha.

Najua maswali mtakayoniuliza, maana nimeshaulizwa hosteli.

La kwanza: "Sasa hapo bata liko wapi?" Ndugu yangu, kama unataka muziki na taa za rangi, mji umejaa. Nenda. Mimi siombi vilabu vifungwe. Naomba kuwe na sehemu moja ya nchi ambayo haijafunguliwa spika. Na ukweli ni kwamba wengi wetu tunakwenda kwenye kelele kwa sababu ndiyo likizo pekee tuliyofundishwa. Jaribu mara moja ndipo ubishe.

La pili ni zito zaidi: "Mkipeleka watu, utulivu utakwisha." Ni kweli, unaweza kwisha. Tumeona fukwe ambazo wenyeji walikuwa wakikokota nyavu zao, leo kuna ukuta na mlinzi. Ndiyo maana nasisitiza kasia. Mtumbwi wa kasia unabeba watu wachache, haumwagi mafuta, hauhitaji gati la zege, na mwenye ujuzi wa kuuendesha ni mvuvi, siyo kampuni ya mjini. Ukiruhusu kila mwenye fedha alete injini, mwenye mtumbwi ndiye atakayetolewa kwanza. Vikundi vya usimamizi wa mialo, vile vinavyoitwa BMU, tayari vipo. Vinaweza kuandikisha wapiga makasia, vikawapangia zamu kama vijiwe vya bodaboda vinavyofanya, na vikaweka mpaka kwamba ndani ya ghuba fulani injini inapunguzwa mwendo. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na wavuvi wanahitaji. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu yake naiunga mkono. Lakini fikiria mwenye mtumbwi na watoto wa shule, chombo kimelala mchangani miezi mitatu. Wageni wachache wa kuzungushwa kwa kasia wasingemtajirisha, ila wangenunua unga. Na hiyo miezi iliangukia humo humo ambamo vyuo vingi huwa vinaelekea likizo ndefu.

La tatu: "Wewe mwenyewe umesema ni hatari." Ndiyo. Na sitaki kuipaka sukari. Kwenye kingo za ziwa kuna kichocho. Kuna sehemu zina mamba na viboko, na mwenyeji ndiye anayejua ni wapi. Kuna siku ambayo hupaswi kutoka kabisa. Lakini jibu la hatari siyo kuwakataza wasichana kwenda ziwani mpaka siku kivuko kinapinduka nao. Shirika la Afya Duniani linataja kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujiokoa kuwa mojawapo ya njia za kuzuia vifo vya kuzama. Tangu 2021 Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha jambo hilo. Tujiulize, katika shule ulizofanyia mazoezi, uliona somo hilo likifundishwa wapi? Tunafundisha watoto wa visiwani kuchora ramani ya ziwa, hatuwafundishi kuelea juu yake.

Hapa nazungumza na walimu wenzangu watarajiwa. Tunapenda kusema mtaala, mtaala. Kufundisha mtoto kulala chali majini, atulie, apumue, asipigepige mikono, hakuhitaji kusubiri mtaala mpya. Kunahitaji maji salama yaliyokaguliwa, mtu anayejua, na idhini ya wazazi. Kufundisha jinsi ya kufunga jaketi okozi, kutosimama kwenye mtumbwi, na kukataa kupanda chombo kilichojaa, hakuhitaji hata maji. Ni kipindi kimoja cha dakika 40 darasani. Wiki zangu mbili za mwisho nilikifanya, nikiwa na lile jaketi la babu lisilo na kifungo kama zana ya kufundishia. Darasa lilicheka sana, lakini mwisho kila mmoja alijua kuangalia kifungo.

Kwa jumuiya yetu ya wanafunzi nina maombi matatu, na nitayaleta kwenye kikao.

Kwanza, safari ya mwaka ujao iwe ya maji ya bara. Wa Kanda ya Ziwa waende Ukerewe au ghuba nyingine tulivu. Wa kaskazini wana Duluti. Wa nyanda za juu kusini wana Nyasa. Tugawanyike makundi madogo, tusishushe mabasi manne kwenye mwalo mmoja kwa siku moja.

Pili, kila safari tunachapisha fulana za kumbukumbu. Nina tatu, zote nalalia. Mwaka mmoja tuache fulana, tununue majaketi okozi yawe mali ya jumuiya, yahesabiwe, yatunzwe, na mtu asipande bila kuvaa. Idadi ya majaketi ndiyo iamue idadi ya watu. Kabla ya kutoka tuangalie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mzee wa mwaloni akisema leo hapana, iwe hapana, hata kama tumeshalipa.

Tatu, anayeandikishwa kwenye safari aulizwe kwa maandishi kama anajua kuogelea. Siyo kwa ajili ya kumwaibisha. Ni ili yule anayepiga kasia ajue amebeba nini. Aibu yangu ya asubuhi ile, ya kuyahesabu majaketi na kunyamaza, ingeweza kutugharimu watu wanne. Nadhani wengi wetu tungenyamaza vile vile, ndiyo maana nataka fomu iulize badala ya kungoja mtu awe jasiri.

Mwenzetu aliyeongea kule ghubani alirudia mitihani yake, akafaulu mmoja, mwingine anaufanya tena muhula huu. Aliwaambia wazazi. Juzi ameniuliza tunarudi lini.

Mimi najifunza kuogelea kila Jumapili kwenye bwawa moja la kulipia mjini, pamoja na watoto wa miaka minane ambao wananicheka. Bado siwezi kuvuka bwawa. Naweza kulala chali nikaelea, nikahesabu mpaka mia moja bila kuogopa. Nikirudi Ukerewe, babu hatalazimika kuuliza. Nitamwambia mwenyewe kabla sijakanyaga mtumbwi: naelea, bado sijajua kuogelea, na jaketi langu nimekuja nalo.